Namna ya Kubandua Utepe wa Ukingo Pasipo Kuumiza Ubao

Mwezi huu nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wataliona kuwa dogo, nalo ni ule utepe mwembamba uliogandishwa kwenye kingo za makabati, meza na rafu za siku hizi. Jambo ni dogo kweli, mpaka siku utepe ule unapofunguka. Hapo mwenye nyumba huchukua kisu cha jikoni, hukipenyeza, huvuta kwa nguvu zake zote, na utepe hutoka pamoja na kipande cha uso wa kabati. Nimekwisha fanya hivyo mimi mwenyewe, tena kwa kabati lisilo langu, na ndiyo sababu ya kuandika habari hizi.

Hapa kwetu Mpanda, karibu na nyumba yangu, anakaa mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Marehemu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku alipohamishwa kutoka upande wa Inyonga kuja mjini, vyombo vyao vilipakiwa juu ya lori pamoja na magunia, na kabati lao la vitabu likasuguliwa na kamba njia nzima. Lilifika zima, ila utepe wa mlango mmoja ulikuwa umefunguka kama ulimi. Katika kabati hilo mama huyu ameweka vitabu vya watoto, vyeti vyao vya kuzaliwa, na karatasi zote za mumewe. Ule utepe ulinasa nguo za kila aliyepita, na siku moja ukamkata mtoto wa mwisho kidole, maana ukingo wa plastiki iliyokauka ni mkali kama wembe.

Akaniita. "Mwalimu," akasema, "nakuomba unitolee kitu hiki, kitamtoa mtoto jicho."

Nikaenda na kisu changu na kujiamini kwingi. Tulipokuwa shuleni tulifundishwa kushika randa na msumeno, nami hudhani hata leo kwamba naujua ubao. Nikaushika utepe, nikauvuta. Nikasikia sauti kama ya biskuti inayovunjika. Nilipotazama, ukoko wa uso wa mlango ulikuwa umetoka, urefu wake kama kidole cha kati na upana wake kama punje mbili za mahindi, na chenga za ndani zikaonekana wazi, upande ule ule unaotazamana na wageni. Mama akautazama mlango, kisha akanitazama mimi. "Si neno, Mwalimu," akasema. Akaenda chumbani, akaleta kitambaa cha kufumwa, akakitundika juu ya jeraha lile. Afadhali angenigombeza.

Kesho yake nikamwendea seremala mmoja kijana, mwenye banda lake karibu na soko. Nikamweleza. Akaniuliza neno moja tu: "Mwalimu, uliuvuta ukiwa baridi?" Nikajibu, "Ndiyo, baridi." Akasema, "Basi hukubandua utepe, ulivunja ubao." Mengi ya haya yafuatayo nimejifunza kwake, na mengine kwa kujaribu juu ya vipande vya mbao vilivyotupwa nyuma ya banda lake.

Yafaa kwanza tujue vyombo hivi vimetengenezwa kwa nini. Sisi watu wa Katavi tumezoea mninga. Mti huu, ambao wataalamu wa mimea huuita Pterocarpus angolensis, humea katika misitu yetu ya miombo, na ukiukata hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao zake hazijikunji sana wakati wa kiangazi wala hazivimbi sana wakati wa masika, ndiyo maana mafundi huzipenda. Meza ya mninga haina utepe, kwa kuwa ukingo wake ni ule ule mninga. Ukiuparuza, waondoa alama kwa randa, na kazi imekwisha.

Lakini makabati mengi yanayoletwa sasa si ya mninga. Ni ya chipbodi, yaani chenga za mbao zilizochanganywa na gundi, zikashindiliwa kwa moto na mashine. Kiwanda cha kwanza cha kutengeneza mbao hizo kwa biashara kilianza kazi mjini Bremen, Ujerumani, mwaka 1941, wakati mbao nzuri zilipokuwa adimu kwa sababu ya vita. Hata kwetu Tanzania kiwanda cha namna hiyo kilijengwa, huko Mkumbara katika Mkoa wa Tanga. Ndugu yake chipbodi ni MDF, ambayo si ya chenga bali ya nyuzi za mti zilizosagwa laini kama unga. Zote mbili huvikwa uso mzuri: ama karatasi iliyoloweshwa dawa ngumu iitwayo melamini, ama ubao mwembamba sana wa mti halisi, ambao waweza kuwa chini ya milimita moja.

Bassi, uso umefunikwa, lakini je, ukingo? Ukiukata ubao wa chipbodi, ukingo wake huwa kama mkate uliokatwa, matundu matupu. Maji huingia hapo, chenga huvimba, nazo zikivimba hazirudi tena. Kwa hiyo kiwandani huufunika ukingo kwa utepe. Mwingine ni wa plastiki ya PVC, kuanzia unene wa karibu nusu milimita hata milimita mbili au tatu; mwingine ni wa karatasi ya melamini; mwingine ni wa mti halisi. Utepe huu ni mlango wa nyumba ya chenga, wala hauwekwi kwa ajili ya urembo tu. Asiubandue mtu asiyekuwa na kitu cha kuweka mahali pake kabla ya mvua za Novemba.

Tena, na hili nalitia mkazo: mara nyingi hakuna haja ya kuubandua. Utepe uliofunguka shibiri moja tu waweza kurudishwa. Safisha vumbi lililoingia chini yake kwa mswaki mkavu, weka kitambaa juu yake, pitisha pasi ya moto, kisha ukandamize kwa kipande cha ubao baridi mpaka upoe. Gundi ya zamani huyeyuka ikashika tena. Kama haishiki, ongeza gundi kidogo. Laiti ningalijua neno hili asubuhi ile.

Ubandue tu ikiwa umepasuka, umepotea vipande, umevimba kwa maji, au ukali wake wawadhuru watoto.

Sasa njoo kwenye kazi yenyewe. Siri yake ni moto. Gundi itumiwayo kiwandani kwa kawaida ni ya kuyeyushwa. Hupakwa ikiwa na joto la karibu digrii 200, ikipoa hukaza. Lakini haihitaji joto lote lile ili ilegee. Aina nyingi huanza kulainika penye joto la maji yanayokaribia kuchemka. Ikiwa baridi, gundi ina nguvu kuliko chenga, kwa hiyo ukivuta, chenga ndizo zinazokubali kutoka. Ikiwa ya moto, gundi ndiyo inayokuwa dhaifu, nayo huachia.

Penye umeme, draya ya nywele ile ya saluni inatosha kwa utepe mwembamba. Pasipo umeme, pasi ya mkaa hufanya kazi vizuri sana, nami ndiyo niliyoitumia. Ila ikung'ute majivu kwanza, ufanyie kazi nje, wala usiijaze makaa mpaka yakatoa cheche. Nyunyiza tone la maji chini ya pasi: likiruka kama punje ya mahindi kikaangoni, pasi ni kali mno, iache ipoe, likichemka taratibu pale pale lilipoangukia, yafaa. Usiweke chuma juu ya plastiki yenyewe. Weka kitambaa cha pamba kikavu katikati, uwe unaisogeza pasi daima, huku na huku, kadiri ya shibiri moja kwa mara moja, ukihesabu polepole mpaka ishirini. Kisha jaribu kwa ukucha kwenye ncha. Usipoona dalili, rudia. PVC ikianza kung'aa na kutoa harufu ya kuchoma pua, acha mara moja; moshi wake una asidi, nao ni mbaya kwa kifua.

Kabla ya kupenyeza chombo chochote, itazame pembe ambapo utepe na uso vinakutana. Ikiwa kabati lilipigwa vanishi au rangi baada ya utepe kuwekwa, basi vanishi imevuka kutoka utepe hata uso kama daraja. Pitisha kisu kikali taratibu juu ya mstari ule, ukate daraja, la sivyo utepe ukiondoka utaivuta na vanishi ya uso.

Chombo cha kupenyeza kiwe chembamba, kipana, wala kisiwe na pembe kali. Patasi pana iliyochakaa, ambayo pembe zake umezisugua zikawa mviringo, ni bora kuliko kisu kipya cha jikoni. Anza kwenye ncha, si katikati. Ilaze patasi sambamba na ukingo, uipeleke kwa urefu wa ukingo ndani ya gundi iliyolainika. Usiikite kuelekea uso, wala usiitumie kama mtaimbo wa kuinulia. Wengi twakosea hapo: twainua mpini, na ncha ya patasi hugeuka kuwa jino linalong'oa uso.

Utepe ukiisha kuanza kutoka, ukunje urudi juu ya mgongo wake wenyewe, karibu ulale, ndipo uuvute polepole. Ukiuvuta wima kama mtu anayeng'oa msumari, utazinyanyua chenga. Macho yako yawe pale unapoachana na ubao, si mkononi. Ukiona vibanzi vinainuka pamoja nao, simama. Usiseme "bado kidogo". Rudisha pasi, uhesabu tena. Seremala yule alibandua utepe wa meza nzima mbele yangu, akasimama mara saba au nane, wala hakuona haya kusimama.

Ikiwa utepe ni wa mti halisi, utavunjika vipande vipande, maana umekauka. Si hasara. Ila angalia nyuzi za mti zinaelekea wapi, ufuate zinakoelekea. Ukiona patasi inazama, geuka uanzie upande wa pili.

Kuna gundi nyingine ambazo haziji kwa njia hii. Mafundi wetu wengi hutumia gundi ya manjano ya viatu kwa kubandika formika. Nayo hulegea kwa moto, lakini yavutika kama ulimbo, ikanata kwenye patasi; uwe na kitambaa karibu. Formika yenyewe haipindi, huvunjika, na vipande vyake huruka, basi linda macho. Vyombo vya kizamani vya mti mwembamba juu ya mti mnene vilipigwa gundi ya ngozi, nayo hulainika kwa kitambaa cha maji ya moto pamoja na joto la pasi. Angalia sana usije ukalifanya jambo hilo kwa chipbodi! Kisha ipo gundi ya kiwandani iitwayo PUR, ambayo ikikauka hubadilika tabia yake wala haiyeyuki tena. Ukipasha moto mara tatu na utepe hausogei hata kidogo, usipigane nao. Bandika selotepu juu ya uso pande zote mbili, uuondoe utepe kwa randa yenye meno makali, ukianzia kila ncha kuelekea katikati, ukichukua kidogo kidogo.

Baada ya utepe kutoka hubaki mabaki ya gundi. Yapashe moto, uyakwangue kwa kipande cha plastiki ngumu au mti, si kwa chuma. Yaliyosalia hujikunja kama vidonge ukiyasugua kwa kidole gumba. Yakikataa, tia spiriti kidogo kwenye kitambaa, kwanza mahali pasipoonekana, kwa kuwa spiriti huharibu baadhi ya vanishi. Pasi ya mkaa iwe imekwisha ondolewa mbali kabisa, wala pasiwe na moto mwingine. Mafuta ya taa yasitumike hata kidogo, kwani huacha unyevu wa mafuta, na gundi mpya haitashika. Maji nayo tumekwisha yasema.

Kisha msasa. Uvingirishe kwenye kipande cha ubao kilichonyooka, wala usiushike kwa vidole vitupu, maana vidole huchimba mabonde. Ukikaribia pembe, mwendo wa mkono utoke usoni kuingia kwenye ukingo, kamwe usitoke kwenye ukingo kwenda usoni. Melamini ni kama ganda la yai: ukiisukuma kuelekea ndani ina kitu cha kuegemea, ukiisukuma kuelekea nje haina, hupasuka. Funga kitambaa puani unaposugua. Gundi ya mbao hizi mara nyingi ina fomaldehaidi, ambayo mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Watoto wasicheze karibu na vumbi hilo.

Labda mtaniuliza: na kabati la yule mama, je?

Nilirudi kwake baada ya wiki mbili, safari hii pamoja na seremala, nami nikiwa mshika pasi. Tuliubandua utepe uliosalia wa mlango ule, ukatoka bila kudai hata chembe. Ndipo seremala akapima jeraha langu. Akabandika selotepu juu ya uso, akachora mstari wa kisu wenye kina, kisha akaukata ukingo wote wa mlango milimita tano kwa msumeno wa meno madogo. Zaidi ya nusu ya upana wa jeraha ilikwenda na kipande kile. Mahali pake akaweka ufito wa mninga wenye unene ule ule wa milimita tano, uliotoka katika takataka za kazi nyingine. Alikata kwanza kwa sababu ufito mnene ukiongezwa tu juu ya mlango, mlango huzidi kipimo chake ukakwaruza wenzake. Kwa rafu na meza si kitu, kwa mlango ni taabu. Ubao ulikuwa wa milimita 18, naye akaufanya ufito kuwa mpana wa milimita 20, apate ziada ya kupunguza kila upande.

Akaupaka gundi nyeupe ya mbao, akaufunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vilivyovutwa sana, tukauacha usiku kucha. Asubuhi akauondoa ule uzidifu kwa randa ndogo na msasa. Sehemu ya jeraha iliyosalia akaijaza kwa unga wa msumeno uliochanganywa na gundi ile ile, akausawazisha ulipokauka. Vitundu vidogo vya mwisho tulivijaza kwa nta ya nyuki, ambayo kwetu haikosekani, kwa kuwa watu wa Inyonga na Mlele ni warina asali wa siku nyingi. Nta ni ya mwisho kabisa, baada ya gundi zote. Ukiitanguliza, hakuna kitakachonata juu yake.

Siwezi kusema kwamba mlango ule sasa ni kama mpya. Rangi ya mninga si rangi ya melamini, na mtu akikaribia na taa ataiona alama ya vidole vyangu, hafifu. Gharama yake ilikuwa gundi, selotepu na kazi ya kijana, ambaye alikataa kupokea zaidi ya nusu alipojua kabati ni la nani. Mama alipitisha kiganja chake juu ya ukingo mara mbili, akamwita mtoto yule aliyekatwa kidole, akamwambia naye apitishe. Kitambaa cha kufumwa kikaondolewa. Siku hizi kiko juu ya redio.

Mlango wa pili wa kabati lile bado una utepe wake wa zamani. Umefunguka kidogo upande wa chini, kama upana wa kidole. Seremala aliutazama, akapitisha pasi, akaukandamiza, akasema utakaa. Mama akaniuliza kama ningependa kuubandua ili milango yote miwili ifanane. Nikamwambia, "Hapana, mama, huo tuuache."